Damu ya Saa Nane Usiku: Jinsi ya Kupeleka Mpango wa Kuboresha Huduma Mbele ya Wakubwa wa Hospitali

Mpango wangu wa kwanza ulikufa kwenye slaidi ya saba. Nilikuwa nimekesha siku tatu nikiuandaa, slaidi 38, karibu kila moja na jedwali lake. Slaidi ya saba ilisema damu huchelewa kufika wodi ya wazazi kwa sababu maabara "haiitikii upesi". Mkuu wa maabara, aliyekuwa ameketi mkono wa kulia wa medsup (daktari msimamizi wa hospitali), alivua miwani akaniuliza kwa upole, "Sista, hiyo maabara unayoisema ni ipi? Ni yangu?" Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza lolote kabla ya asubuhi hiyo. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumfichia mtu aibu, na medsup akasema jambo hilo litarudi mkutano ujao. Halikurudi. Hiyo ilikuwa hospitali ya ngazi ya 4 hapa Kenya, upande huu wa Ziwa Victoria, na sina sababu ya kuitaja, maana kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo nimepeleka mipango mingine, Kisumu na baadaye Nakuru. Iko iliyopita na iko iliyokataliwa. Ninachoamini sasa ni kwamba mkubwa wa hospitali huchoshwa zaidi na mpango unaomfikia kama mashtaka ya idara moja dhidi ya nyingine kuliko anavyochoshwa na mpango dhaifu. Ukimletea jambo ambalo wauguzi, maabara, famasia na dereva wa ambulensi wameshaligombania wenyewe na kuafikiana, umemwondolea kazi anayoichukia kuliko zote, ile ya kuamua ugomvi.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja tu hadi mwisho: mama amejifungua, anatokwa na damu nyingi, ni saa nane usiku, na damu ya kumwongezea iko upande wa pili wa hospitali. Wewe weka kero yako mahali pake.

Hatua ya 1: Chagua kero moja unayoweza kuipima kwa saa

"Kuboresha huduma za uzazi" ni hotuba. Kero ni hii: usiku, tangu fomu ya kuomba damu inapoandikwa hadi painti ya kwanza inapoanza kudondoka kwenye mshipa wa mama, muda mwingi mno unapita. Hapo pana mwanzo, pana mwisho, na katikati pana dakika zinazohesabika. Ukiwa na kero mbili, moja iache nyumbani. Itakungoja.

Hatua ya 2: Ifuate fomu kwa miguu yako, usiku

Usifanye ziara hii saa nne asubuhi wakati kila mtu yuko kazini na korido zote ziko wazi. Nenda usiku, vaa viatu vya mpira, beba kalamu na daftari dogo, na uifuate fomu moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kumsukuma mtu.

Utaona mambo ambayo hakuna mkutano uliowahi kuyataja. Afisa wa kliniki anaandika fomu. Mkunga anachukua sampuli kwenye ile chupa ya kifuniko cha zambarau. Nani aipeleke? Mkunga yuko peke yake na akina mama watatu, mmoja anasukuma. Msaidizi wa wodi ametumwa oksijeni. Basi chupa inakaa kwenye trei. Hatimaye mtu anaichukua, anafika kwenye korido ya maabara na kukuta geti limefungwa, kwa sababu mwaka uliopita mtu aliiba betri za sola na uongozi ukaamuru geti lifungwe saa tatu usiku. Mlinzi mwenye ufunguo yuko lango kuu. Chupa ikifika, mtaalamu wa maabara anaona namba ya mgonjwa kwenye chupa haifanani na ile ya kwenye fomu, anairudisha. Na ni haki yake kuirudisha, maana damu ya mtu mwingine huua haraka kuliko kuchelewa. Safari inaanza upya. Kupima kundi na ulinganifu kikamilifu kunachukua kama dakika 45 hadi saa nzima hata mtu akifanya kazi yake sawasawa. Halafu friji: pengine kundi linalotakiwa halimo, ambulensi iende kituo cha damu cha eneo kilichoko Kisumu mjini, na dereva anangoja sahihi ya mafuta kutoka kwa mtu aliyelala nyumbani.

Hesabu ni watu wangapi wa kazi tofauti wamegusa fomu hiyo. Mimi nilipata tisa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mvivu.

Mlinzi ndiye aliyenifundisha zaidi. Nilipomuuliza kwa nini hatembei upesi akiitwa, alisema, "Sista, hakuna aliyewahi kuniambia zile chupa ni za haraka. Mimi naona tu mtu amebeba chupa." Sentensi hiyo moja ilikuwa na maana kuliko slaidi zangu 38.

Hatua ya 3: Waite wote, kisha umsikilize kila mmoja peke yake

Asiyekuwepo na lake halipo. Orodhesha kila aliyeigusa fomu na umwalike: mkunga, afisa wa kliniki, daktari wa zamu, maabara, famasia, msaidizi wa wodi, mlinzi, dereva, afisa wa rekodi. Ongeza mhamasishaji wa afya ya jamii mmoja kutoka kijijini, kwa sababu yeye ndiye anayejua kwa nini mama alifika akiwa tayari amepungukiwa na damu, na ndiye atakayekwambia kwamba wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari, hivyo shule zikifungwa friji nazo hukauka. Mpango wa damu usiotazama kalenda ya shule utakwama Agosti au Desemba.

Hospitali nyingi za umma zina timu ya kuboresha ubora, iliyokuja na KQMH, mfumo wa ubora wa huduma wa Wizara ya Afya. Kama yenu ipo kwa jina tu, ifufue badala ya kuunda kamati nyingine. Kamati mpya huzaa maadui wapya.

Sasa tatizo. Ukiwaweka chumba kimoja, daktari bingwa ataongea kwanza, na akishaongea wengine wote watakubaliana naye kwa kutikisa kichwa. Mimi nimeacha kupambana na desturi hiyo. Nagawa karatasi ndogo, kila mtu anaandika mambo matatu kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo: naweza kutoa nini, nahitaji nini, naogopa nini. Karatasi zinasomwa bila majina. Jibu la tatu ndilo dhahabu. Kwetu maabara waliandika kwamba wanaogopa kila mama mwenye damu kidogo ataombewa painti mbili, damu itengwe kwa jina lake, isitumike, na ikae hadi iharibike. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na tuliigeuza kuwa kipimo, kama utakavyoona. Wauguzi waliogopa kuongezewa daftari lingine la kujaza. Dereva aliogopa kulaumiwa.

Kumbuka pia kwamba kila kada ina kidonda chake. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, wauguzi wakagoma karibu miezi mitano mwaka 2017, na mwaka 2024 madaktari waligoma tena siku 56. Watu hawa bado wanakumbuka nani alifanya kazi ya nani wakati huo na nani hakushukuriwa. Kwa hiyo usiandike popote kwamba "wafanyakazi wahimizwe kujituma". Ukiandika hivyo, mpango wako utasomwa kwenye ofisi ya chama cha wafanyakazi kabla ya kusomwa kwenye ofisi ya medsup.

Hatua ya 4: Namba tatu, zilizokusanywa na wanaofanya kazi

Daftari la wodi ya wazazi, MOH 333, litakupa idadi ya waliojifungua na waliopata matatizo. Muhtasari wa kila mwezi, MOH 711, unaingia kwenye KHIS, mfumo wa taarifa za afya wa nchi, ambako kaunti nzima inaweza kuuona. Lakini hakuna hata kimoja kinachoandika dakika. Hizo utazikusanya mwenyewe.

Tulibandika karatasi moja kwenye mlango wa friji ya damu, yenye safu nne: fomu imeandikwa saa ngapi, sampuli imepokelewa saa ngapi, damu iko tayari saa ngapi, imeanza kudondoka saa ngapi. Wiki ya kwanza ilitupa vichekesho. Saa ya ukutani ya wodi na ile ya maabara hazikuwa zinapatana, kwa hiyo sampuli moja ilionekana imefika kabla ya kuchukuliwa. Kisha tukagundua mkunga anaandika 2:10 na msaidizi wa wodi anaandika 8:10, wote wakimaanisha wakati uleule wa usiku, mmoja kwa saa ya Kizungu na mwingine kwa saa yetu. Kubalianeni tangu siku ya kwanza: saa ya simu, mtindo wa saa 24.

Kusanya kwa wiki sita. Kama mmepata matukio tisa tu, sema tisa. Usigeuze tisa kuwa asilimia. Wala usitumie wastani. Tuseme dakika zenu ni 40, 55, 60, 70, 95, 100, 110, 150 na 300. Wastani ni karibu 109, umevutwa juu na usiku mmoja ule wa ambulensi kukosa mafuta. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa uchukue ya katikati, 95, hiyo ndiyo sura ya usiku wa kawaida. Ule usiku wa 300 uusimulie peke yake.

Halafu chagua namba tatu za kubeba hadi mwisho. Ya kwanza ni ya mgonjwa: akina mama wangapi walifikia hali mbaya ya kutokwa na damu. Ya pili ni ya mwendo: dakika za katikati tangu fomu hadi damu. Ya tatu ni ya madhara: painti ngapi zimeharibika bila kutumika. Hii ya tatu ndiyo ile hofu ya maabara. Mpango unaopima madhara yake wenyewe humfanya kiongozi akuamini, kwa sababu hajazoea kuuona.

Majina ya wagonjwa yasiwemo kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana, lakini hata bila sheria, huku kwetu ukisema "yule mama wa mapacha kutoka Seme aliyejifungua Jumapili" tayari umeshamtaja.

Hatua ya 5: Jaribu kidogo kabla ya kuomba

Kuna mambo ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu yeyote zaidi ya inchaji wa wodi (muuguzi msimamizi) na mkuu wa maabara. Linganisheni saa. Chupa ya dharura ipewe utepe mwekundu ili mlinzi aijue kwa mbali. Mkunga asome namba ya mgonjwa kwa sauti mbele ya mwenzake kabla chupa haijatoka. Jaribuni wiki mbili kwenye zamu moja tu, muone karatasi ya friji inasema nini. Kisichofanya kazi mkiache bila aibu. Sisi tulijaribu kuwapigia maabara simu kabla ya kutuma sampuli, na tukakuta simu ya mezani imekufa muda mrefu.

Ukipata nafasi, tafuta na ushahidi mmoja wa nje, wa karibu na nyumbani. Kwa kero hii upo. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Damu ilipimwa kwa shuka la plastiki lenye alama badala ya kukisiwa kwa macho, na matibabu yakatolewa kwa pamoja, si moja baada ya jingine: kukanda mji wa mimba, dawa ya kuubana, tranexamic acid (dawa ya kupunguza kuvuja damu), maji ya mshipa, kisha uchunguzi na kuita msaada. Visa vya kutokwa na damu kupita kiasi pamoja na madhara yake makubwa vilipungua kwa asilimia 60. Kiongozi akisema hayo ni mambo ya ng'ambo, unamwambia Kenya ilikuwemo. Usilete tafiti kumi. Moja inayofanana na wodi yako inatosha.

Hatua ya 6: Jua nani ana kalamu, na ni mwezi gani

Hapa ndipo mipango mingi mizuri inapofia, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti, kama Katiba ya 2010 ilivyoagiza. Maana yake kwa mtu wa wodi ni kwamba "uongozi" ni ngazi nne au tano zenye kalamu tofauti. Inchaji anaweza kubadilisha rosta. Medsup na kamati yake wanaweza kubadilisha njia, funguo, majukumu, na kununua vitu vidogo. Bodi ya hospitali hutazama matumizi ya fedha za hospitali. Kuajiri mtaalamu mwingine wa maabara hakumo mikononi mwa hata mmoja wao. Hilo ni la kaunti na bodi yake ya utumishi wa umma. Ukimwomba medsup akuajirie mtu, umemwomba asichokuwa nacho, na njia rahisi kwake ni kusema "tutaangalia".

Kwa hiyo gawanya ombi lako kwa kalamu. Kwa medsup omba ufunguo wa pili wa geti, utaratibu wa mafuta ya ambulensi ya usiku usiosubiri sahihi ya mtu aliyelala, na saa za ukutani. Ombi la mfanyakazi wa usiku liandikie barua yake, lipitie kwa medsup kwenda kwa mkurugenzi wa afya wa kaunti, na usilitegemee ili mpango uanze.

Pesa nazo zina msimu, kama mahindi ya Kitale. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Karatasi ya mikakati ya fedha hufika kwa wawakilishi wadi kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ukileta ombi la friji mpya ya damu mwezi wa Mei, unaleta jembe watu wakiwa wanavuna. Leteni Julai au mapema Agosti, lingali na mahali pa kuandikwa.

Kuna mfuko mwingine ulio karibu zaidi. Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023, ile watu wanayoiita FIF, inaruhusu hospitali ya umma kubaki na fedha inazokusanya na kuzitumia yenyewe. Vitu vidogo vya mpango wako vinaweza kutoka humo bila kungoja bajeti ya kaunti. Mtafute mhasibu wa hospitali kabla ya medsup. Mnywe naye chai. Atakwambia ni kifungu gani kina nafuu robo hii, na pia ni madai gani ya SHA, bima ya afya ya serikali, ambayo hayajalipwa, ili usiingie kuomba pesa siku ambayo medsup ametoka kusoma barua ya muuza dawa anayedai.

Hatua ya 7: Weka bei

Panga katika mafungu matatu: vya bure, vya bei ndogo, vya kungoja bajeti. Vya bure vitangulie. Bei zitoke kwa mtu wa ununuzi, usikisie. Usiahidi kwamba mpango "utaokoa mamilioni", maana mhasibu yupo chumbani.

Na uwe na jibu la swali hili: mradi ukiisha nani atalipa? Nyanza na Magharibi zimezoea wafadhili, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona kliniki zikibaki na makabati bila watu. Tangu hapo kila kiongozi huku anauliza swali hilo, na ana haki. Jibu zuri ni kwamba sehemu kubwa ya mpango inatumia watu waliopo na kubadilisha tu nani anafanya nini saa ngapi.

Hatua ya 8: Zunguka kabla ya mkutano

Kila mtu ambaye idara yake imetajwa kwenye mpango ausome kabla ya siku yenyewe, ofisini kwake, ukiwa umeketi naye. Anza na yule unayemwogopa. Mwulize, "Daktari, hapa nimekosea wapi?" Sio "unaonaje?" Ukimwuliza mtu umekosea wapi atakupa sentensi, ukimwuliza anaonaje atakupa adabu.

Mkuu wa maabara niliyemuaibisha alinifundisha hili. Nilimwendea baada ya miezi mingi, nikamwomba radhi, nikamwonyesha karatasi ya friji. Alifuta neno moja tu. Palipoandikwa "maabara inachelewa" aliandika "sampuli inachelewa". Namba zilikuwa zilezile, lakini sasa zilikuwa zetu sote.

Hatua ya 9: Ukurasa mmoja

Mpango mrefu uwe nao kwenye faili. Mezani weka ukurasa mmoja, wa aina hii:

Tunaomba: idhini ya majaribio ya siku 90 ya njia ya haraka ya damu usiku, ufunguo wa pili wa geti la maabara, na utaratibu wa mafuta ya ambulensi usiku.
Kwa nini: katika wiki sita, matukio 9. Muda wa katikati tangu fomu hadi damu ni dakika 95. Usiku mmoja ulifika dakika 300.
Tumeshajaribu: utepe mwekundu na kusoma namba kwa sauti, zamu moja, wiki mbili.
Lengo: muda wa katikati usizidi dakika 60, bila kuongeza painti zinazoharibika.
Gharama: imeambatishwa, imepitiwa na mhasibu.
Waliokubaliana: wodi ya wazazi, maabara, famasia, usafiri, ulinzi, rekodi. (Sahihi.)
Tutaripoti: kila baada ya siku 30, ukurasa mmoja.

Namba hizo ni za mfano, weka zako. Safu ya sahihi usiiache. Mlinzi mkuu naye atie sahihi yake pale pamoja na madaktari.

Hatua ya 10: Dakika kumi

Utaahidiwa dakika ishirini na utapewa kumi. Jiandae kwa tano. Chapisha nakala, maana stima hupotea na projekta hugoma. Mchoro uwe mmoja: nukta tisa kwenye karatasi ya grafu, mstari ukipita katikati. Nimewahi kuuchora kwa kalamu ya wino, na hakuna aliyelalamika.

Muongee wawili wa kada tofauti. Mkunga aanze na usiku mmoja, kwa sentensi nne, bila jina na bila machozi ya kulazimisha. Mtu wa maabara afuate na namba. Wakubwa wakiona wodi na maabara wamesimama pamoja, nusu ya maswali waliyokuja nayo yanaisha. Ombi lisemwe ndani ya dakika mbili za kwanza na lirudiwe mwishoni kwa maneno yaleyale.

Maswali yatakuwa haya, kwa uzoefu wangu.

"Kwa nini msiwapeleke Russia moja kwa moja?" Wengi bado wanaiita hivyo hospitali ya rufaa ya Jaramogi, Kisumu, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Jibu: "Tunawapeleka, Daktari. Lakini anayevuja damu anahitaji kitu mkononi kabla ya kupanda ambulensi, na hizo ndizo dakika tunazozizungumzia."

"Hili si kosa la usimamizi wa zamu?" Hapa kuna mtego wa kumtaja mtu. Jibu: "Tumefuata fomu tisa, zamu tofauti, watu tofauti. Zote zilikwama geti na kwenye namba ya chupa."

"Ufunguo wa pili ukipotea, betri zikiibwa tena?" Muachie mlinzi mkuu ajibu. Mlete chumbani kwa ajili ya swali hili hasa.

Usilolijua, sema utalileta Ijumaa, uandike mbele yao, na Ijumaa ulilete. Na akitokea mjumbe wa bodi, mzee anayeheshimika, akaanza kusimulia jinsi mambo yalivyokuwa enzi za mkoa, msikilize hadi mwisho. Nimewahi kumkatiza mmoja. Nisingependa uyapitie hayo.

Hatua ya 11: Kabla hujatoka chumbani

Hakikisha katibu ameandika kwenye kumbukumbu: nani atafanya nini, kufikia tarehe gani. "Wanachama walifurahia wasilisho" si uamuzi. Ukisikia sentensi hiyo ikisomwa, inua mkono na uulize kwa heshima, "Mwenyekiti, ufunguo tuufuatilie kwa nani?"

Ukikataliwa, uliza kilichokosekana ni pesa, wakati, au imani. Kila kimoja kina dawa yake: pesa irudishe Julai, wakati omba siku 30 badala ya 90, imani rudi hatua ya 8. Ukikubaliwa nusu, chukua hiyo nusu na uanze usiku huohuo, kabla medsup hajahamishwa. Huku kwetu huhamishwa bila taarifa ndefu.

Jioni pitia lango kuu. Mwambie mlinzi ufunguo wa pili umepitishwa, na kwamba kwenye kumbukumbu za mkutano imeandikwa ni nani aliyetoa wazo. Kisha nenda maabara, toa karatasi ya zamani kwenye mlango wa friji, ubandike mpya yenye safu nne tupu, na uifungie kalamu kwa uzi, maana kalamu za hospitali hazikai.